Kusomea udaktari wa DO Marekani kwa ajili ya kufanya kazi kijijini: hatua kwa hatua

Kila mwezi napokea ujumbe ule ule. "Kaka, DO ni daktari kweli au ni mtu wa masaji?" Ukishajibu hilo linakuja la pili: "Na nikisoma huko, lazima nikakae porini?" La tatu huulizwa na mzazi kwa simu ya mtoto: "Hicho cheti kinatambulika?" Nimeamua kuyaandika yote mara moja. Mimi ni daktari wa familia mwenye DO, mzaliwa wa Morogoro, na kazi yangu iko katika mji mdogo wa milima ya Appalachia ambako duka la karibu la vipuri liko mbali kuliko hospitali ya karibu, na hospitali yenyewe si karibu.

Majibu ya haraka kwanza. Marekani ina digrii mbili za udaktari kamili, MD na DO, yaani daktari wa osteopathia. Wote wawili wanaandika dawa, wanapasua, wanazalisha, na wana leseni kamili katika majimbo yote 50. Tofauti ni kwamba mwanafunzi wa DO anafundishwa, kwa saa kama 200 za ziada, kupima na kutibu misuli, viungo na mifupa kwa mikono yake. Njia hii ilianzishwa na daktari Andrew Taylor Still, aliyefungua chuo cha kwanza mwaka 1892 huko Kirksville, Missouri, mji mdogo wa mashambani. Mkanganyiko wa masaji unatoka Uingereza na nchi nyingine, ambako mtu wa osteopathia anatibu kwa mikono tu, hana ruhusa ya dawa wala kisu. Jina moja, kazi mbili tofauti.

Kuhusu porini: hakuna anayekulazimisha, isipokuwa umesaini. Hilo la kusaini liko hatua ya 5, usiliruke.

Kabla ya kuanza, hakikisha una haya

- Hadhi ya ukaazi iliyo wazi. Raia na mwenye green card wana njia nyingi. Mwenye viza ya mwanafunzi ana njia chache: vyuo vichache vya DO vinampokea, na baadhi hudai aonyeshe fedha za ada kabla hajaanza.
- Digrii ya kwanza, au uwe unaimalizia, yenye baiolojia, kemia, kemia ya ogania na fizikia, pamoja na vipindi vya maabara.
- Leseni ya udereva na gari linalowaka asubuhi ya baridi. Sitanii. Huko hakuna daladala, na mwaka wa 3 unaweza kupangiwa hospitali mbili zilizotengana mwendo wa saa moja na nusu.
- Miaka. Minne ya chuo, kisha isiyopungua mitatu ya residensi, yaani mafunzo ya kazini hospitalini baada ya chuo. Kwa hiyo saba baada ya digrii ya kwanza, mambo yakienda sawa.
- Daktari mmoja wa DO anayekufahamu kwa jina na yuko tayari kukuandikia barua.

Kama tayari una MBChB au MD ya Dar, Nairobi au Kampala, simama hapo hapo. DO haina mlango wa pembeni wa kuingilia katikati. Utaanza mwaka wa kwanza upya. Njia yako ni USMLE, ile mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, na cheti cha ECFMG, chombo kinachothibitisha madaktari waliosomea nje, kisha residensi. Ukiingia kwa viza ya J-1, ile ya mafunzo, kuna mpango wa Conrad 30, ambao unalipatia kila jimbo nafasi 30 kwa mwaka za kumwondolea daktari sharti la kurudi kwao miaka miwili, naye akakubali kufanya kazi miaka mitatu kwenye eneo lenye uhaba. Vijiji vingi vinategemea madaktari hao.

Hatua ya 1: Kaa kijijini kabla ya kusema unataka kijiji

Tafuta mji wenye hospitali ndogo, au kituo cha afya cha jamii kinachotoza mgonjwa kulingana na kipato chake, ukamfuate daktari kazini kwa wiki mbili tatu. Ukiweza, fanya kazi kabisa: muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya wazee, au mhudumu wa gari la wagonjwa. Utaona kisukari kilichochelewa, mapafu ya wachimba makaa, uraibu wa dawa za maumivu, na mzee aliyeendesha saa mbili kuja kukuonyesha kidonda alichokifunga kwa mkanda wa gundi wa fundi bomba.

Tuliokulia Afrika Mashariki tuna kosa letu hapa. Tunadhani kwa kuwa bibi alikaa kijijini, basi kijiji tunakijua. Kijiji cha Kentucky si cha Kilosa. Watu hawabishi hodi ovyo, majirani wanatengana maili mbili, na Jumapili wanakuuliza unasali kanisa gani kabla hawajakuuliza umesomea wapi. Nenda ukajifunze upya.

Hatua ya 2: Masomo na MCAT

Hapa nitapita haraka kwa sababu ushauri umejaa kila mahali. MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, inapimwa kutoka 472 hadi 528. Wanaoingia vyuo vya DO wastani wao uko karibu na 503 au 504, wa MD uko juu zaidi. Usifanye mtihani "kujaribu bahati". Kila alama inabaki kwenye rekodi na vyuo vinaziona zote. Kama kipato cha nyumbani ni kidogo, omba msaada wa ada kwa AAMC, wenye mtihani huo, kabla ya kujiandikisha, kwani ukishalipa hawakurudishii.

Hatua ya 3: Chagua chuo kwa ramani, usichague kwa tovuti

Tovuti za vyuo vya DO karibu zote zina neno "vijijini" na picha ya ghala jekundu. Picha haimfundishi mtu. Unachotaka kujua ni mwanafunzi wa mwaka wa 3 analala wapi.

Kuna vyuo ambavyo mahali vilipo panajieleza. West Virginia School of Osteopathic Medicine kipo Lewisburg, mji mdogo kweli kweli. Kentucky College of Osteopathic Medicine kilifunguliwa 1997 huko Pikeville, katikati ya mashimo ya makaa ya mawe. Tahlequah, Oklahoma, chuo kikuu cha jimbo la Oklahoma kiliungana na taifa la Wacherokee kufungua chuo cha kwanza cha udaktari kwenye ardhi ya wenyeji wa asili. Wanafunzi wa kwanza waliingia 2020 wakahitimu 2024. Chuo cha A.T. Still cha Mesa, Arizona, kina utaratibu wa aina yake: kuanzia mwaka wa pili mwanafunzi anahamia kwenye kituo cha afya cha jamii na kusomea huko huko. Na kwa wasemaji wa Kiswahili, iangalieni Maine. University of New England ina chuo cha DO, na Portland na Lewiston zina familia nyingi za Wakongo ambao kliniki inawatafutia mkalimani kwa simu kila siku.

Siku ya usaili, au kwa barua pepe kabla yake, uliza haya:

1. Mwaka wa 3 wanafunzi wanapelekwa hospitali zipi, na nani anazipanga, chuo au mwanafunzi mwenyewe?
2. Nyumba ya kulala wakati huo nani analipa?
3. Kati ya waliohitimu miaka mitatu iliyopita, wangapi waliingia residensi ya udaktari wa familia, na wapi?
4. Je, kuna kundi maalumu la vijijini lenye nafasi zake, na linachaguliwa lini?

Swali la kwanza ndilo linalochuja. Rafiki yangu alisoma chuo (sikitaji) kilichojisifu kwa "mtandao mpana wa hospitali". Mwaka wa 3 ulipofika, mtandao ukawa ni orodha ya namba za simu, na yeye ndiye aliyepiga. Alizunguka majimbo matatu na masanduku mawili.

Nikiambiwa nitoe shauri moja tu katika mwongozo huu wote, ni hili la ramani. Zaidi ya nusu ya madaktari wa Marekani hubaki katika jimbo walikofanyia residensi. Anayesema "nitasomea mjini halafu nitahamia kijijini" anafika miaka 30, ana mchumba, ana kodi ya nyumba, ana marafiki, na kijiji kinakuwa hadithi ya ujana.

Hatua ya 4: Tuma maombi

Maombi ya DO hupitia mfumo mmoja unaoitwa AACOMAS. Vyuo vya umma vya Texas vina mfumo wao, TMDSAS. AACOMAS hufunguliwa mwanzoni mwa Mei. Tuma Juni. Vyuo vingi vinajaza nafasi kadiri maombi yanavyoingia, kwa hiyo anayetuma Desemba anagombea makombo hata kama alama zake ni nzuri. Maombi ya chuo cha kwanza ni takriban dola 200, kila chuo kinachoongezeka kina ada yake, halafu kila chuo kinakudai ada ya fomu yake ya pili. Panga bajeti.

Jihadharini na insha. Nimesoma rasimu nyingi za wadogo zangu, na zaidi ya nusu zinasema: "Nataka kuwa daktari nikasaidie Afrika." Ni nia njema, lakini msomaji wako ni chuo kilichopewa fedha za jimbo ili West Virginia ipate madaktari. Anasoma sentensi hiyo na kuelewa kwamba utaondoka. Kama lengo lako kweli ni kurudi nyumbani, sema ukweli, ila chagua vyuo vinavyofaa lengo hilo. Na kabla hujaanza, andika kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, au kwa baraza la Kenya, au la nchi yako, uulize masharti ya kumsajili mwenye DO, na jibu lake ulitunze kwa maandishi. Wazazi wataliomba.

Kama lengo ni kijiji cha hapa, andika juu ya mtu mmoja uliyemwona hatua ya 1. Yule mzee wa mkanda wa gundi anatosha. Usiandike takwimu za uhaba, wanazo.

Hatua ya 5: Pesa, na karatasi utakazosaini

Soma hapa mara mbili.

Sheria ya mikopo ilibadilishwa mwaka 2025. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mkopaji mpya wa udaktari hawezi kuchukua mkopo wa serikali kuu zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla, na ule mkopo wa ziada uliokuwa ukifunika chochote kilichobaki umefungwa. Vyuo vingi vya binafsi vya DO vinatoza ada inayozidi dola 50,000, bado hujala wala kulala. Kwa hiyo chuo cha umma cha jimbo unaloishi kinashinda kwa mbali. Ukishakaa jimboni muda unaotakiwa, ada ya mkaazi wa Oklahoma, Texas, Michigan, Ohio au West Virginia inaweza kuwa pungufu sana ya ile ya mgeni.

Kisha kuna mpango wa serikali kuu unaoitwa National Health Service Corps, NHSC. Una milango mitatu. Ufadhili wa masomo unalipa ada na kukupa posho ya mwezi; wewe unadaiwa mwaka mmoja wa kazi kwa kila mwaka uliolipiwa, usiopungua miwili, usiozidi minne. Mwaka wa mwisho wa chuo kuna mlango mwingine wa hadi dola 120,000 kwa miaka mitatu ya kazi. Wa tatu ni wa kulipiwa madeni baada ya residensi, ukiwa tayari kazini. Yote mitatu inataka uraia wa Marekani. Green card haitoshi. Kama unakaribia kustahili uraia, peleka fomu zako sasa.

Onyo: ufadhili wa masomo wa NHSC unakufunga kwenye huduma za msingi, yaani udaktari wa familia, watoto, magonjwa ya ndani, uzazi, au afya ya akili. Ukibadili mawazo mwaka wa 3 ukapenda upasuaji wa mifupa, au ukikataa kwenda, unadaiwa mara tatu ya walichokulipia, pamoja na riba. Kijana wa miaka 22 anasaini hilo kwa furaha kwa sababu ameona neno "bure". Kama moyo haujatulia, subiri mlango wa tatu: unasaini ukiwa tayari kazini na unaijua fani yako, ingawa nao una faini nzito ukivunja mkataba.

Kuna pia msamaha wa mikopo kwa wanaotumikia mashirika yasiyo ya faida au serikali: malipo 120 ya kila mwezi, na miaka ya residensi inahesabika mwajiri akiwa anastahili. Jaza fomu ya kuthibitisha mwajiri kila mwaka. Anayengoja mwaka wa 10 ndipo atafute karatasi za mwaka wa 2 atalia.

Hatua ya 6: Miaka miwili ya mwanzo, na mikono

Darasa ni lile lile la udaktari popote: anatomia, dawa, magonjwa. Cha ziada ni chumba chenye safu ya vitanda vya kutibia, ambako mnapimana ninyi kwa ninyi.

Zoezi la kwanza nililopewa lilinifanya nicheke. Unywele mmoja unawekwa chini ya ukurasa wa kitabu, unafumba macho, unautafuta kwa ncha za vidole. Ukiupata, unaongeza ukurasa. Kwa nywele zangu za kipilipili nilipata sifa nisizostahili, zinajikunja na kuinuka hata chini ya kurasa kadhaa, mpaka mwalimu akanibadilishia nywele nyembamba ya msichana wa Ohio. Wiki ya tatu nikaanza kuuhisi. Miaka mingi baadaye, mkulima aliyeletwa kwangu kwa "maumivu ya moyo" alikuwa na kipimo safi cha moyo na damu safi, na chini ya kidole changu ubavu wake mmoja ulikataa kupanda akivuta pumzi. Ilikuwa ni kukohoa kwa wiki nzima. Angalia mpangilio huo: moyo kwanza, mkono baadaye. Anayeanza na mkono akasahau kipimo cha moyo ataua mtu.

Mwisho wa mwaka wa pili kuna mtihani wa COMLEX, ule wa leseni ya DO, ngazi ya 1. Tangu 2022 ni kufaulu au kufeli tu. Wengine hufanya pia USMLE. Kwa residensi ya udaktari wa familia vijijini si lazima, ila angalia programu unazozitaka.

Hatua ya 7: Mwaka wa 3 na wa 4 kwenye hospitali ndogo

Omba kituo ambacho huna mwenzako. Hospitali kubwa ya kufundishia ina foleni: mkuu wa wodi, residenti, intern, halafu wewe nyuma ya pazia. Hospitali ya vitanda 25, aina ambayo serikali inaiita ya lazima kwa eneo lake, ina daktari, muuguzi na wewe. Nilishona mkono uliokatwa na msumeno wiki yangu ya kwanza, daktari akiwa amesimama begani pangu, kimya.

Mambo matatu wanaokwenda huko hukosea. Wanaongea sana: sikiliza, mgonjwa wa mlimani anaanza na hali ya hewa na ng'ombe wake, na shida yenyewe anaitaja akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Wanadharau wauguzi, ambao wamekaa hapo miaka 30 na wanajua nani ana bunduki na nani hana chakula. Na wanaendesha usiku kwa kasi ya barabara kuu. Paa wakubwa wa huku wanavuka jioni na alfajiri, nami nimeshapoteza taa mbili na bampa.

Hatua ya 8: Residensi

Tangu Julai 2020 residensi zote za MD na DO ziko chini ya chombo kimoja cha ithibati, ACGME, kwa hiyo unaomba popote. Maombi yanakwenda Septemba, majibu yanatoka Machi.

Tafuta aina mbili. Moja ni njia ya vijijini, ambayo mara nyingi unakaa mwaka mmoja hospitali kubwa na miwili mji mdogo. Nyingine ni residensi zinazoendeshwa na vituo vya afya vya jamii, zilizoanza kufadhiliwa na serikali kuu kutokana na sheria ya afya ya 2010. Uliza residenti wanazalisha akina mama wangapi kabla ya kuhitimu, kama wanafundishwa kutumia ultrasaundi wenyewe, na usiku daktari bingwa anapatikana kwa simu au yupo jengoni. Kwa kijiji, programu inayokuachia kazi mkononi ni bora kuliko yenye jina. Ngazi ya 3 ya COMLEX utaifanya ukiwa hapo.

Hatua ya 9: Mkataba wa kwanza

Kabla ya kusaini, tafuta kwenye tovuti ya HRSA, idara ya serikali kuu inayoendesha NHSC, alama ya uhaba ya kituo chenyewe. Kwa huduma za msingi inaanzia 0 hadi 25, na malipo ya madeni ya NHSC hufuata alama kubwa kwanza. Kisha soma idadi ya zamu za usiku, nani anakushikia ukiwa likizo ya kwenda nyumbani (Tanzania si safari ya siku tano), na kifungu kinachokuzuia kufanya kazi maili kadhaa kutoka hapo ukiondoka. Mpe mwanasheria aisome. Gharama yake ni ndogo kuliko majuto.

Yakikwama

*Nimekosa chuo mwaka wa kwanza wa kuomba.* Usitume fomu ile ile tena. Piga simu vyuo viwili vitatu uulize upungufu ulikuwa wapi, baadhi hujibu. Mara nyingi ni kuchelewa kutuma, kuliko hata alama.

*Nimefeli COMLEX ngazi ya 1.* Si mwisho. Rudia baada ya kubadili namna ya kusoma, na jiandae kueleza kwenye usaili wa residensi kwa sentensi mbili, bila hadithi ndefu. Programu za vijijini huwa na uvumilivu zaidi kama rekodi ya wodini ni safi.

*Mgonjwa hataki daktari mgeni.* Itatokea. Mpe nafasi ya kuchagua mwingine, bila kununa. Yupo mama aliyenikataa miezi minane. Siku mwenzangu alipokuwa likizo ikambidi aingie kwangu na shinikizo la damu la kutisha. Sasa ananiletea mahindi.

*Upweke.* Huu ndio unaowaondoa watu, kuliko mshahara. Kabla ya kukubali kazi, nenda na mwenzi wako mkalale huko siku nne, mwezi wa Februari, si Juni. Muulize kama naye atapata kazi. Jua duka la karibu linalouza unga wa ugali na mchele mzuri liko maili ngapi, na nunua friza.

*Wazazi wanasema DO si daktari.* Wapeleke kwenye ukurasa wa bodi ya leseni ya jimbo lolote, mtafute pamoja jina la daktari mwenye DO, wasome wenyewe neno lililoandikwa mbele ya aina ya leseni. Mama yangu aliliamini siku aliponiona nikimzalisha binti wa jirani kwa simu ya video iliyokuwa imesahaulika wazi kwenye koti langu. Hiyo siipendekezi, nilipewa onyo la maandishi, na kwa haki.